Mrudishieni Mtakatifu Swithini Mjukuu Wangu

Nyumba ya mwisho, Mtaa wa Kinu cha Pamba,
Calderfold, Lancashire.
Mkesha wa Mtakatifu Swithini, mwezi wa Julai.

Kwa Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi ya Watakatifu Wote, hapa hapa Calderfold.

YAH: KUHAMISHWA KWA MJUKUU WANGU KUTOKA KWA MTAKATIFU MMOJA KWENDA KWA MWINGINE BILA MTU KUNIULIZA

Mheshimiwa Bi. Shorrock,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeketi, na kikombe cha chai kiko karibu, maana lalamiko la tatu ni zito. Mimi sijambo, ukiondoa mdomo. Ningekuja ofisini kwako mwenyewe tukayamaliza uso kwa uso, lakini meno yangu ya bandia yamepotea tangu Jumapili, na jina la mtakatifu wetu lataka meno. Mtu asiye na meno akitamka "Swithini" humwogesha anayemsikiliza. Nilijaribu mbele ya paka, akaondoka. Kwa hiyo naandika.

Elimu yangu unaijua. Nilitoka hapo hapo kwenu nikaingia moja kwa moja kwenye ndoo na sabuni, nikawa msafisha madirisha wa mji huu mpaka magoti yalipoikataa ngazi. Basi pale nitakapokosa adabu, hesabu kwamba ni upungufu wa shule, na shule ni yako.

Sasa shauri lenyewe. Watoto wenu wamegawanywa katika nyumba nne, kila nyumba na mtakatifu wake na rangi yake. Teresia ni wekundu, Laurenti ni manjano, Antoni ni kahawia, na sisi wa Swithini ni bluu. Tangu enzi ambazo hata Padri Kinsella hazijui, mtoto aliingia nyumba ya baba yake au ya mama yake. Nyumba ilirithiwa kama pua. Mimi ni Swithini. Marehemu mke wangu Ursula alikuwa Swithini, tena nahodha. Mwanetu Bernard ni Swithini mpaka leo, ingawa anaendesha lori huko Rotterdam ambako hakuna anayemuuliza. Na binti yake Tabitha, anayeishi nami, alijua kuichukia rangi ya kahawia kabla hajaota jino. Nilimfundisha kwa mikono yangu, kwa uji.

Baada ya Pasaka ukaja wewe na kopo la biskuti. Ukasema nyumba zimegeuka koo, kwamba watoto wa Teresia hawataki kuketi meza moja na wa Laurenti, na kwamba majina yote yachanganywe yachotwe upya. Tabitha akatia mkono koponi. Akatoka na Antoni.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kopo la biskuti si sakramenti. Najua utanijibu kwamba hata mitume walipiga kura kumpata mtu wa kuchukua nafasi ya Yuda. Sawa. Lakini wao walikuwa na nafasi wazi, na walikuwa na Yuda. Sisi wa Swithini hatukuwa na Yuda hata mmoja mpaka ulipotutengenezea. Tena sisemi kitu, nauliza tu kama mzee anayeuliza: wewe mwenyewe, mwanangu, ulipokuwa mdogo, si ulikuwa Antoni? Utepe wako wa kahawia naukumbuka. Ulikuwa ukinionyesha ulimi dirishani nami niko juu ya ngazi siwezi kufanya lolote.

2. Ugomvi wetu na Antoni una mizizi. Mji mzima unamwomba awatafutie vilivyopotea. Hata Wamethodisti, walivyo wagumu kwa watakatifu, funguo zao zikipotea hunong'ona jina lake huku wamejifanya wanakohoa. Sisi ukoo wa Catterall hatumwombi. Utamwombaje mlinzi wa nyumba pinzani? Ni sawa na kuishangilia timu ya pili kwa sababu golikipa wao anadaka vizuri. Kwetu kilichopotea kimepotea, tunakisalia na kununua kingine. Miavuli, funguo, miwani, viatu vya upande mmoja, vyote vimekwenda na heshima yake.

Na usidhani ni maneno ya mdomoni. Pete ya ndoa ya Ursula ilipotea siku alipokuwa akimshonea Bernard mshipi wa bluu wa kukimbilia, ule wa kupitishwa begani ukakatiza kifua. Tuling'oa mbao za sakafu. Tulichekecha majivu ya jikoni. Paka wa wakati ule tulimchunguza kwa namna ambayo hakutusamehe. Wanawake wa mtaa wakaja kumbembeleza Ursula: "Bibi wewe, mpigie Antoni goti moja tu, nani atajua?" Ursula akawajibu, sindano mdomoni, "Swithini atajua. Afadhali kidole kitupu." Na kwa kidole kitupu alizikwa. Huyo ndiye bibi wa mtoto uliyemtia mkono koponi.

3. Hapa ndipo nilipokuomba uwe umeketi. Tangu mtoto awe Antoni, anapata vitu.

Anasimama katikati ya jiko, anafumba macho, anasema, "Antoni, Antoni, washa taa, kilichopotea hakikosi pa kukaa," halafu anakwenda moja kwa moja kama mbwa wa polisi. Kwanza alipata karatasi ya daktari. Ile inayonikataza soseji ya damu. Niliipoteza chini ya zulia kwa juhudi zangu mwenyewe, nikaweka kabati juu yake, na mtoto akalisogeza kabati. Sasa imebandikwa ukutani juu ya jiko, nami naianza siku kwa bakuli la shayiri kama farasi aliyestaafu.

Halafu akapata ngazi ya jirani yangu Duckworth. Mheshimiwa, ngazi ile ilikuwa imepotea ndani ya banda langu kwa amani, haimsumbui mtu. Mtoto akaibeba mabegani mpaka mlangoni kwa Duckworth, akagonga.

Duckworth akaja kwangu, amekunja mikono kifuani. "Wilfred, ngazi hii nilikusaidia kuitafuta! Nililala na mafua kwa kuitafuta pamoja na wewe kwenye mvua!"

Nikamwambia, "Na tulitafuta kwa bidii, hukuona?"

"Tulitafuta kwangu!"

"Kwani ilipotelea kwangu?"

Hajanisalimu tena tangu siku ile, na yeye ndiye aliyekuwa akinipa mayai.

Ngazi si kitu. Akapata shemeji yangu Perpetua. Huyu ni dada yake Ursula, mwanamke mcha Mungu, Mungu mwenyewe ni shahidi kwamba anachwa mpaka anachoka. Alihamia Blackpool, nasi kwa bahati mbaya iliyopangwa vizuri tukapoteza anwani yake. Tabitha akafumba macho jikoni, akaipata ndani ya kitabu cha sala, mahali ambapo nilikuwa na hakika kwamba katika nyumba hii haitaonekana. Akamwandikia. Perpetua akaja na masanduku yake, na bado hajafika mlangoni nikamsikia, "Shemeji! Umekonda! Nani anakupikia? Hakuna? Nilijua! Nimekuja kukaa!"

Nikajiambia, Wilfred, uzee una neema zake, utakuwa kiziwi. Nikakitoa kifaa changu cha kusikia nikakipoteza ndani ya birika la chai la akiba, lile la wageni wa heshima, ambao hatuna. Kwa siku chache nilikaa peponi. Perpetua anasema, mimi natikisa kichwa; anauliza, mimi natabasamu. Sikio la kufa halisikii dawa, nami nilitaka la kwangu life kabisa lipumzike.

Mtoto akafumba macho. "Antoni, Antoni, washa taa."

Akaniletea kifaa kwenye kisahani kama biskuti. "Babu, angalia, kilikuwa kwenye birika! Sasa utamsikia Nyanya Perpetua!"

Namsikia, Mheshimiwa. Wakati naandika haya namsikia. Anaeleza historia ya nyonga yake.

Nilijaribu njia ya kistaarabu. Mtoto alileta picha ya Antoni akaiweka juu ya meko. Nikaigeuza ikatazama ukuta. Asubuhi nikaikuta inanitazama mimi. Nikaigeuza. Ikanitazama. Tumeendelea hivyo mpaka nimeanza kuisalimu. Meno yenyewe nimemkataza asiyatafute. Meno ya Swithini hayatafutwi na Antoni.

4. La nne nimelisahau. Nilikuwa nalo nilipoanza kuandika, tena ndilo lililokuwa likiuma kuliko yote. Limenitoka. Tafadhali usimwambie Tabitha kwamba kuna kitu kimepotea.

5. Mvua. Wewe ni mgeni kwenye kiti chako kwa hiyo nitakueleza siri ya nyumba yetu, nawe itunze. Watoto wa Swithini hawakimbii. Hatujaumbwa hivyo. Mbio za magunia tunaanguka, mbio za yai na kijiko tunakula mchanga na yai, na Bernard aliwahi kumaliza mbio baada ya viti kukusanywa. Lakini Siku ya Michezo huangukia sikukuu ya Swithini, na Swithini ni bwana wa mvua. Ikinyesha siku yake, mji mzima unajua mwezi mzima tutavaa mabuti. Basi sisi hatujifunzi kukimbia. Tunaomba inyeshe. Ikinyesha, michezo inavunjwa, watoto wanapewa keki ukumbini, na hakuna aliyeshindwa. Hatujawahi kushinda hata mara moja, Mheshimiwa, lakini ni mara nyingi sana hatukushindwa.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijamwambia mtu. Tabitha anakimbia. Sijui amelitoa wapi. Niligundua siku alipomfukuza mbwa wa Duckworth aliyechukua kiatu changu, akamshika kabla ya kona, na mbwa yule ni wa kuwinda. Nilisimama pale na soksi moja nikasema, Ee Swithini, kumbe wetu mmoja ana miguu! Nikanyamaza. Nilikuwa nimemweka akiba. Siku moja jua litatoka kwa bahati mbaya, wale wa kahawia watajipanga na vifua vyao, na msichana mwembamba wa bluu atawapita wote, na mimi nitakuwa pale pembeni mwa uwanja nikifa kwa furaha, nimevaa suti.

Badala yake kesho atawapita wa bluu.

Basi niambie, wewe uliyesoma. Usiku nikipiga goti, niombe nini? Nikiomba mvua, kama nilivyoomba maisha yangu yote, mtoto hatakimbia, na hakuna atakayemwona. Nikiomba jua, nyumba yangu inapigwa na damu yangu. Nilimuuliza Padri Kinsella. Akasema, "Wilfred, omba mapenzi ya Mungu yatimizwe." Nikamwambia, "Padri, hilo si jibu, huko ni kukwepa." Akacheka mpaka akashika meza. Kanisa haliko kama zamani.

6. Kwa hiyo naomba rasmi: (a) Tabitha arudishwe kwa Swithini kabla ya filimbi ya kwanza. (b) Ikishindikana, watu wote wa Antoni wahamishiwe kwa Swithini, na Antoni apewe likizo, amefanya kazi sana. (c) Hilo nalo likishindikana, sanamu ya Antoni iliyoko kwenye ujia wa shule igeuzwe ukutani wakati wa mbio, kwa ajili ya haki. Maana mtakatifu anayepata kila kitu, mstari wa kumalizia atauona kabla ya wengine.

Nikinyimwa yote matatu nitamwandikia Askofu. Askofu akininyima, nitavuka barabara kwa Wamethodisti. Hawana watakatifu wa kugombania, na biskuti zao zimepakwa chokoleti pande zote mbili, nimeziona dirishani kwa miaka mingi. Nikisikia nyimbo zao ni ndefu, nitajitangaza papa wa Mtaa wa Kinu cha Pamba, na amri yangu ya kwanza itahusu makopo.

Kama ushahidi naambatisha mshipi wa bluu ulioshonwa na Ursula, ule alioushona siku ile ya pete. Alikimbia nao Bernard, kama kile kinaitwa kukimbia, na Tabitha aliuvaa mpaka Pasaka. Kifuani una tone la mvua la kitambaa, nene kama andazi, ambalo Ursula alilijaza pamba ya kondoo, kwa sababu alisema tone bapa ni jasho. Mvisheni mtoto kesho, nami nitajua mmenielewa. Nimemtuma huko juu auchukue kwenye sanduku la bibi yake, wakati nafunga barua. Tone halitaingia kwenye bahasha, kwa hiyo nimemwambia afumue uzi kidogo atoe pamba. Pamba mtaijaza wenyewe. Mnaye mwalimu wa kazi za mikono.

Nisalimie walimu wote, hata wa Laurenti. Msalimie mpishi Bi. Rigby, umwambie siku ile ya maandazi ya tufaha nilipita nje ya jiko lake makusudi. Msalimie mlinzi wa kuvusha watoto barabara, na yule mtoto anayeng'ata penseli. Wazazi wako wakija kukutembelea wasalimie, madirisha yao yalikuwa mazuri siku zote. Duckworth simsalimii, anasikia kupitia ukutani.

Ni mimi, niliyeloa kwa hiari tangu utotoni,

Wilfred Catterall,
wa Swithini.

NYONGEZA. Mheshimiwa, usisome yaliyo juu. Kama umeshasoma, yasahau, na kama huwezi kuyasahau, yapoteze mahali pazuri, ningekushauri birika la wageni.

Nilikuwa nimeshalamba bahasha nikasikia Perpetua amepiga ukelele huko juu. Niliusikia kwa sababu ya kile kifaa, na ni mara ya kwanza nimeshukuru. Nikapanda ngazi za nyumba kwa magoti haya haya. Tabitha alikuwa ameketi sakafuni, mkasi mkono mmoja, mshipi mapajani, na pamba ya kondoo imemjaa kwenye nywele. Kwenye kiganja alikuwa na pete.

Ndani ya tone, Bi. Shorrock. Ursula aliijazia humo pamoja na pamba bila kujua. Tuling'oa sakafu, tukamdhalilisha paka, na wakati wote Bernard alikuwa akikimbia nayo kifuani, wa mwisho kila mwaka, pete ya mama yake inamdundadunda moyoni. Na huyu mtoto ameivaa tangu alipoanza shule, hadi Pasaka.

Nikamwuliza, "Ulimwita yule?"

Akasema, "Hata sikumwita, Babu. Amekuja mwenyewe."

Perpetua akaketi kitandani akalia, nami nikaketi karibu naye, na kwa muda mrefu mwanamke yule hakusema neno, jambo ambalo ningependa liandikwe mahali. Pete nimeivaa kidole cha mwisho, imekwama kwenye kifundo, haiendi wala hairudi. Ursula ataninunia kwa ajili ya Antoni nikifika huko, lakini ataninunia huku anaiangalia.

Lile la nne pia limepatikana. Lilikuwa hili: siku ile ya kopo mtoto hakulia. Alirudi nyumbani na utepe wa kahawia, anarukaruka, na mimi nikaenda bandani kukaa na ile ngazi. Nilidhani tumempoteza. Leo nilipomwambia hivyo, alinitazama kama alivyoitazama karatasi ya daktari. "Babu, mimi niko hapa hapa. Na kesho nitakimbia na tone la Nyanya Ursula ndani ya soksi, na nitashinda."

Kwa hiyo mwacheni alipo. Mshipi siuambatishi tena, una kazi. Swithini nimeshaongea naye, nimemwambia kesho ni sikukuu yake, apumzike, asishughulike na mawingu. Na picha ya pale juu ya meko nimeiacha inatazama inakotaka. Duckworth amekuja kuuliza kelele za nini, akaonyeshwa pete, akaenda akarudi na mayai.

Nitakuja na suti. Meno hayajaonekana bado, nami nimezuia yasitafutwe leo, tusimchoshe mtu. Hofu yangu ilikuwa nitamshangiliaje mtoto kwa fizi tupu. Nimejaribu sasa hivi, kwa sauti kubwa, mbele ya paka. Jina la Antoni, kumbe, lasemeka vizuri tu bila meno. Paka hakuondoka.